Kuwaita wenye magari ya punda "wauaji" kutasaidia?

Mdogo wangu, unauliza kama umwandike hadharani kila mwenye gari la punda hapo Unguja kuwa ni muuaji, ili watu washtuke. Watashtuka, ila watakujadili wewe, na punda atabaki na kidonda chake. PETA, kundi la Marekani la kutetea wanyama, mwaka 2003 walilinganisha ufugaji na mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi. Mwaka 2005 rais wao, Ingrid Newkirk, akaomba radhi. Kusikika walisikika, sawa. Lakini wao wana mawakili, wewe una majirani tu. Mwendee mwenye punda kwa salamu, mwonyeshe kamba inapomchubua mnyama, mkumbushe hadithi ya Mtume ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula. Anaijua tangu chuo cha Kurani. Akiendelea kumpiga, mfikishe kwa sheha, kiongozi wa mtaa.