Barua kwa mwanangu anayeandika riwaya ya makaboi

Mwanangu mpendwa,

Nimepata ujumbe wako pamoja na zile sura tatu za mwanzo. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na mama yako. Unauliza kama unayo haki ya kuandika riwaya ya makaboi wa Texas, wale wachunga ng'ombe wapanda farasi, ukimfuata babu wa babu yako mzaa mama, wakati wewe umekulia mjini Houston na farasi unawajua kwa mbali. Unauliza pia ufanye nini na sehemu za maisha yake ambazo hakuna anayezijua. Nakujibu kama mtoto wa wafugaji wa Shinyanga aliyeoa katika ukoo huo, akafanya kazi ya ng'ombe bega kwa bega na babu yako mpaka mzee alipoacha kupanda farasi.

Haki unayo. Wewe ni kilembwe wake, na hakuna wa kukuuliza kibali. Ila ukoo utakufungulia mlango tu. Kitakachomfanya msomaji aamini ni kama unaijua ile kazi, na hapo ndipo sura yako ya kwanza iliponitia wasiwasi. Umempa babu wa babu yako bastola mbili, na kabla jua halijapanda ameshaua watu wawili. Mtu huyo ametoka kwenye sinema. Aliyeswaga ng'ombe kwenda Kansas miaka ya 1870 alilipwa kama dola 30 au 40 kwa mwezi, akashinda kutwa nzima juu ya tandiko, na adui wake mkubwa alikuwa usingizi.

Anza na sababu ya safari yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi kupita kiasi na pesa hakuna. Ng'ombe wa dola 4 huko kwao aliweza kufika dola 40 kwenye masoko ya kaskazini. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy akajenga mazizi Abilene, Kansas, kando ya reli, na kuanzia hapo makundi yakaanza kuswagwa kwenda kaskazini. Kundi la ng'ombe 2,000 au 3,000 liliongozwa na watu kama kumi au kumi na wawili, pamoja na mpishi na kijana wa kutunza farasi. Walikwenda kilomita 16 hadi 24 kwa siku. Ukiwaharakisha wanakonda, na wakikonda bei inaanguka. Mvutano wote wa riwaya yako unaweza kukaa hapo: mkuu wa msafara anataka kuwahi soko, majani ni haba, na mbele kuna mto umefurika.

Nataka ukae zaidi kwenye mambo ambayo babu yako aliyajua kwa mikono yake. Unakumbuka alivyokuwa akinusa upepo tukipita vichakani? Alipokuwa kijana, kabla ya miaka ya 1960 wataalamu hawajaanza kumwaga toka angani nzi waliofanywa tasa kwa mionzi, Texas ilikuwa na nzi anayetaga mayai kwenye kidonda kibichi. Mabuu yake hula nyama hai. Ndama aliyezaliwa jana, kitovu hakijakauka, wiki haiishi ameshaoza angali anatembea. Basi kila siku ya Mungu vijana walipita vichakani kumtafuta mnyama aliyejitenga na wenzake, kichwa chini, mkia unapiga bila kupumzika. Wanamrushia kitanzi, wanamwangusha, mmoja anakalia shingo, mwingine anachokonoa funza kwa kijiti na kupaka dawa. Mzee aliniambia harufu ile ilikaa kwenye vidole mpaka kwenye chakula cha jioni. Mpe babu wa babu yako ndama mmoja wa namna hiyo ukurasa wa kwanza, badala ya zile maiti mbili. Atakapomaliza kumhudumia, msomaji atakuwa ameshajua ni mtu gani.

Kamba nayo umeipitia haraka. Umeandika "akamkamata fahali kwa kamba" kisha ukaenda zako. Ng'ombe wa kilo mia nne akifika mwisho wa kamba, mshtuko wote unakuja kwenye pembe ya tandiko, kile kishikio kilichosimama mbele ya mpanda farasi. Babu yako alifunga ncha ya kamba yake moja kwa moja kwenye pembe, kama Wateksasi wengi. Wengine, waliofuata mtindo wa wachunga ng'ombe wa Kimeksiko, wanaizungushia tu kwa mkono, na kidole gumba kikinaswa kati ya kamba na pembe kinakatika. Ndiyo maana unawaona wazee rodeoni, kwenye mashindano ya makaboi, wana vidole vinne. Amua mtu wako ni wa namna gani, kisha usibadili.

Bunduki usizifute zote, lakini ziweke zilipokuwa. Ng'ombe wa Texas walionekana wazima wa afya, ila kila walikopita ng'ombe wa wenyeji walikufa. Wakulima wa Missouri na Kansas wakawa wanazuia makundi njiani kwa silaha, na Kansas ikasogeza mpaka wa karantini magharibi miaka nenda miaka rudi, hadi mwaka 1885 ikafunga jimbo zima. Mwaka 1893 ndipo Theobald Smith na wenzake walipochapisha ushahidi kwamba anayebeba ugonjwa ni kupe. Mimi niliyemwona baba yangu akipoteza ng'ombe kwa ndigana, ugonjwa mwingine wa kupe, nawaelewa wakulima wale hata walipoelekeza mtutu kwa watu wetu. Andika makabiliano hayo, kila upande na haki yake, na babu wa babu yako asijue kwa nini ng'ombe wake wanaua. Asijue mpaka mwisho wa kitabu. Yeye hakuwa na namna ya kujua.

Kuhusu rangi yake, usimwandike kama ajabu. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kaboi mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Wengi walijifunzia farasi na kamba utumwani, na wakati wa vita, wenye mali walipokwenda mstari wa mbele, mifugo ilibaki mikononi mwa watumwa. Tarehe 19 Juni 1865 tangazo la uhuru liliposomwa Galveston, Texas, vijana hao walikuwa tayari ni mafundi wa kazi hii. Msome Bose Ikard, aliyezaliwa mtumwa, akawa mtu ambaye mfugaji mkubwa Charles Goodnight alimwamini kumtunzia fedha za safari. Ikard alipofariki mwaka 1929, Goodnight alimwekea jiwe kaburini. Msome na George McJunkin wa New Mexico, naye alizaliwa mtumwa. Mwaka 1908, akikagua uzio baada ya mafuriko karibu na Folsom, aliona mifupa mikubwa imechomoza kwenye korongo, akatambua kwamba si ya ng'ombe. Alifariki mwaka 1922, na miaka michache baadaye wachimbaji wakakuta kati ya mifupa ile ya nyati wa kale ncha za mikuki za mawe, zilizobadilisha tulichokijua kuhusu umri wa binadamu Marekani. Mimi huyo humpenda kuliko wote, kwa sababu aliyaona yale akiwa kazini.

Sasa hizo nafasi tupu. Katika orodha za watumwa za mwaka 1850 na 1860 watu wetu waliandikwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la mwenye shamba. Majina yao wenyewe hayakuandikwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kumtaja kila aliyekuwa mtumwa kwa jina lake. Humo utamkuta, na kazi yake pembeni. Kisha nenda ofisi ya karani wa kaunti ukaombe vitabu vya chapa, zile alama za moto za kutambulisha ng'ombe ni wa nani, maana sheria ya Texas ilitaka kila mwenye mifugo aandikishe chapa yake. Ukiipata ya kwake na mwaka wake, umejua lini alianza kuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Kwa mtu aliyewahi kuwa mstari usio na jina, siku ile ya kuandikisha ni sura nzima.

Baina ya karatasi hizo, buni bila woga. Hiyo ndiyo riwaya. Lakini buni kutoka kwenye kazi, majira, bei na hofu za wakati ule, na usimtungie ushujaa ambao familia haikuwahi kumdai. Ile habari ya rafiki yake aliyezama Mto Mwekundu, babu yako aliisimulia kwa sentensi chache na kila mara aliishia palepale, pale farasi anapotoka ng'ambo bila mtu. Wewe umeiongezea hotuba ya kurasa nne. Iondoe. Mahali mzee aliponyamaza, mhusika wako naye anaweza kunyamaza, akavua tandiko la farasi yule, akalikausha.

Na ukivuka mto huo umeingia ardhi ya wenyewe. Wachikasaw na mataifa mengine ya wenyeji wa asili wa Marekani, katika eneo lililoitwa Indian Territory, walikuwa na serikali zao, na walidai ushuru kwa ng'ombe waliopitishwa kwao. Umewaweka kama vivuli mlimani. Waweke mezani, wakihesabu kundi.

Mjomba wako mkubwa bado ana nguvu, na chapa ya chuma ya ukoo iko ghalani kwake. Usiende na kinasa sauti kwanza. Mwezi ujao wanapiga chapa ndama, wanahitaji mtu wa kushika lango. Shika lango siku nzima, ule nao jioni, ndipo umuulize. Nimeshamwambia unakuja. Vaa buti za mama yako, zile za zamani, zina kisigino kizuri.

Sura ya mto nitumie tena ukishaipunguza.

Baba yako