Saini arobaini si mkataba wa hali bora

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Mimi ni tabibu katika zahanati moja huku Nyanda za Juu Kusini. Halmashauri naomba usiitaje. Tunadai nauli za likizo, na pia tunataka posho ya kuitwa kazini iongezwe. Bwana mmoja mwenye steshenari mjini, anayejiita mtaalamu wa sheria za kazi, ametuambia tukusanye saini arobaini na kuchanga elfu kumi kila mmoja, atuandalie mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya wafanyakazi na mwajiri kuhusu maslahi, mkurugenzi ausaini. Akikataa ndani ya siku 14, twende CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), kisha tugome. Wengi wetu tumejitoa kwenye chama kwa sababu ya makato. Je, sheria inaturuhusu?

JIBU: Marahaba. Nauli na posho mmezitia kapu moja, na huyo bwana hakuwatenganishia. Hapo tu nimeshajua ni mtaalamu wa namna gani.

Nauli ya likizo mnayodai ni haki mliyokwisha kupewa na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma. Likizo iliidhinishwa, ukasafiri kwa fedha yako, unadai. Hilo ni dai la haki, na dai la haki halijadiliwi. Ukikaa mezani kulijadili unampa mwajiri nafasi ya kukupunguzia kilicho chako. Wala haligomewi: mgomo, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ni wa mgogoro wa maslahi tu, yaani jambo ambalo bado hamna na mnalitaka.

Kwa nauli, kila mmoja aandike barua yake kwa mkurugenzi kupitia kwa mfawidhi wa kituo, aambatanishe nakala ya likizo iliyoidhinishwa, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa masjala wenye tarehe. Nasisitiza huo mhuri. Watu wananiletea madai ya miaka mitatu bila karatasi hata moja inayoonyesha kwamba mwajiri aliwahi kuyapokea.

CMA msikimbilie. Tangu 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma ina kifungu cha 32A, kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zote za ndani ya sheria hiyo kabla ya kugusa sheria za kazi. Ni kifungu kifupi, mtu anakisoma akisubiri chai ipoe, lakini mashauri yanafunguliwa na kutupwa kwa sababu ya hicho hicho. Aliyewaandalia fomu ameshakula fedha yake, na ninyi mnaanza upya huku siku zimekwenda.

Sasa posho. Kuongezewa ni maslahi, na hapo ndipo majadiliano ya pamoja yanapoingia. Ila haki ya kujadiliana haikupewa kila kundi lenye kalamu. Kifungu cha 67 cha sheria ya 2004 kinaitoa kwa chama kilichosajiliwa ambacho wanachama wake ni zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika la majadiliano. Kikitambuliwa, mwajiri analazimika kujadiliana nacho kwa nia njema, na kinachosainiwa kinawafunga wote, nakala ikienda kwa Kamishna wa Kazi. Kamati yenu ya saini arobaini haimo humo. Mkurugenzi akiusaini huo "mkataba" kwa kuwaonea huruma, bado ni karatasi tu.

Halafu mkurugenzi mwenyewe ana nini cha kuwapa? Mshahara wenu unatoka Hazina, na viwango hupangwa na serikali kuu kwa waraka. Kumbana yeye apandishe viwango ni kumbana konda wa Coaster ya Mbeya–Tukuyu apunguze bei ya dizeli. Ndiyo maana ikatungwa Sheria Na. 19 ya 2003, ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma: serikali upande mmoja, vyama upande wa pili, katika mabaraza ya sekta na lile la pamoja juu yake. Kwamba nyongeza tunazisikia jukwaani Mei Mosi badala ya kusikia kwamba mezani wamefikia makubaliano ni kero yangu pia. Sherehe za kitaifa zilifanyika Iringa 2018 na Mbeya 2019, watu wakajaa viwanja vya Samora na Sokoine, wakarudi nyumbani bila nyongeza ya jumla. Lakini udhaifu wa meza ile haumpi mwenye steshenari mamlaka ya kuweka yake.

Mgomo nitaupitia haraka. Huduma za afya zimo kwenye orodha ya huduma muhimu, kifungu cha 77 cha sheria ileile ya 2004, pamoja na maji, umeme na zimamoto. Kwenu njia hiyo imefungwa kwa jumla. Hata walimu, ambao hawamo kwenye orodha ile na walikuwa na chama kikubwa nyuma yao, walianza mgomo tarehe 30 Julai 2012, na tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu ikausitisha.

Kuhusu kujitoa chamani ndipo mliponisikitisha. Penye makubaliano ya ada ya uwakala, kifungu cha 72 kinaruhusu asiye mwanachama akatwe vilevile, kwa kiwango kisichozidi ada ya mwanachama. Kwa hiyo mnaweza kuendelea kukatwa huku mmepoteza kura. Kiongozi wa tawi anachaguliwa; kama hamridhiki naye, rudini mumtoe. Au kama chama chenyewe kimewachosha, sheria inaruhusu wafanyakazi 20 tu kuanzisha kingine na kukisajili. Kazi ngumu itakuwa kupata wingi, na hapo hakuna njia ya mkato. Wakati huohuo, ulizeni mwakilishi wenu kwenye Baraza la Wafanyakazi ni nani, na kasma ya likizo, yaani fungu lake la fedha, ilikaaje katika rasimu ya bajeti aliyopitishiwa. Nikiwauliza watumishi hilo, wengi wananitolea macho.

Hawa washauri wapo Makambako, wapo Mafinga, wapo Sumbawanga, na wanazidi. Mwezi uliopita nililetewa karatasi ya mmoja wao: safu ya jina, ya cheo, ya cheki namba (namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara), ya saini, na ya namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Juu, pa kuandika madai, peupe kabisa. Watu wazima, wenye diploma na digrii, wamejaza mstari kwa mstari. Karatasi hiyo inaweza kubandikwa kichwa chochote, na cheki namba ikiwa pamoja na NIDA na saini ni chakula cha matapeli wa mikopo. Utakuja kushtuka makato yako yameongezeka na mkopeshaji humjui. Chama halali kina fomu yake ya kukatwa ada, TUF 6, yenye jina la chama na la mwajiri, na unajaza ya kwako peke yako. Kama mmeshampa huyo bwana orodha, mfuateni kesho aitoe yenyewe, si nakala, na kila mmoja akague hati yake ya mshahara ya mwezi huu na ujao.