Meneja wa online: maswali yenu kuhusu kumuachia mtu wa mbali biashara

Meseji zimekuwa nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, biashara imekua, mwenye nayo amechoka, na anataka mtu wa kumsimamia kazi akiwa mbali, kwa mkataba, bila kumtafutia ofisi wala meza. Nimechagua ambazo naona zitawafaa na wengine.

Nauza abaya na vitenge Instagram na WhatsApp, niko Sinza, nina wadada wawili stoo wanafunga mizigo. Kuna siku najibu meseji hadi saa saba usiku. Nahitaji msaidizi wa online au meneja wa online? Naona watu wanatangaza vyote viwili.

Dada, msaidizi unamwambia fanya hivi, anafanya. Meneja anaangalia hali, anaamua, halafu anakupa taarifa. Ni kazi mbili na bei mbili, na watu wengi wanalipa bei ya meneja halafu wanamtumia kama msaidizi, kila kitu anauliza "bosi nifanyeje", yani umeongeza mtu mwingine wa kukupigia simu tu. Kabla hujatafuta mtu chukua daftari, wiki nzima andika kila swali unaloulizwa na wateja na hao wadada. Bei gani, saizi 56 ipo, mnatuma Mbeya, hayo yana jibu lilelile kila siku, msaidizi anatosha, tena mengine hata yale majibu ya haraka ya WhatsApp Business yanayamaliza. Ila ukikuta mengi ni mteja kapokea rangi siyo anataka hela yake, basi limeharibika njiani na mzigo wa harusi haujafika, mdada mmoja anaumwa na mizigo 40 inasubiri kufungwa, hapo unahitaji meneja kweli.

Sasa meneja asiye na ruhusa ya kuamua ni hasara. Muandikie mipaka kabla hajaanza, mfano anaweza kumrudishia mteja mpaka sh. 30,000 bila kukuuliza, kubadilisha saizi aamue mwenyewe, ila kushusha bei ya jumla na kuagiza mzigo mpya ni wewe peke yako. Kama ukikaa kuandika unajikuta hakuna hata kimoja unachotaka kumuachia, basi anza na msaidizi, hakuna ubaya wowote, utamuongezea majukumu ukishamzoea.

Naogopa pesa. Mtu simjui, yuko Mwanza mimi niko Dar, nimpe paswedi za akaunti na lipa namba? Akinikimbia?

Hili nataka nilijibu kwa urefu maana ndipo watu wanapoumia, na wengi wanafikiri suluhisho ni kupata mtu mwaminifu. Uaminifu mtafute, lakini panga mambo kiasi kwamba hata akija mtu mwenye tamaa hana pa kushika.

Paswedi usimpe mtu. Ukurasa wa Facebook unaweza kumuongeza kwa akaunti yake mwenyewe kupitia Meta Business Suite, unachagua aone nini na afanye nini, na hata Instagram ukishaiunganisha pale anajibu DM bila kujua nywila yako. WhatsApp Business inakubali kuunganisha vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, kwahiyo laini na simu vinabaki kwako, yeye anajibu kwenye kompyuta yake, na siku mkiachana unafungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa unamtoa pale pale. Washa na uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, usimtajie mtu. Angalizo, kifaa kilichounganishwa kinaona chati, kwahiyo kama namba ya biashara ndiyo unayochatia na mumeo na kikundi cha ukoo, tenganisha kwanza.

Lipa namba, laini yake ibaki mkononi mwako. Meneja anakuandalia orodha ya waliosema wamelipa, unahakiki kwenye simu yako mara mbili kwa siku, tuseme saa tano asubuhi na saa kumi jioni, ulizotiki ndizo zinazotoka stoo. Na sheria iwe moja tu kwake na kwa wadada, skrinshoti ya mteja sio malipo, meseji za miamala za kughushi zimejaa mjini. Kurudisha hela vilevile, yeye anaamua ndani ya mipaka yake, wewe unatuma. Biashara ikikua zaidi uliza benki yako kuhusu akaunti ya biashara ambayo mmoja anaandaa malipo na mwingine anaidhinisha.

Halafu kitu watu wanasahau, majina na namba za wateja ni mali nyeti. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wewe mwenye biashara ndiye unayewajibika kwa taarifa unazokusanya. Usimtumie faili zima la wateja kwa WhatsApp. Weka Google Drive, mfungulie anachohitaji, zima ruhusa ya kupakua, na kwenye mkataba andikeni kwamba hatoki na namba hata moja.

Nimlipe kwa saa, kwa mwezi au kamisheni? Nina kampuni ndogo ya safari Arusha.

Kwa mwezi, na masaa yaandikwe, mfano masaa manne kwa siku, siku tano, na ni masaa gani. Kwa saa ni sawa kama unampata kupitia Upwork, ile tovuti ya kutafutia mafriilansa, ambako mfumo wenyewe unahesabu muda, ila kwa mtu wa hapahapa mtagombana kila Ijumaa. Kamisheni ya mauzo kwa meneja mimi nakataa kabisa kaka, atapokea kila mgeni hata tarehe ambayo huna gari wala dereva, atashusha bei ili oda iingie, kamisheni yake inapanda wewe unabaki na lawama. Ukitaka kumpa motisha mpe bonasi kwa kitu anachokishika mwenyewe, mfano maulizo yote yamejibiwa siku hiyohiyo, na hakuna mgeni aliyefika akakosa mtu wa kumpokea.

Rafiki yangu anasema friilansa hana haja ya mkataba, na hakuna mambo ya NSSF wala kodi. Ni kweli?

Hapana, na hii inaweza kukugharimu. Bara tuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61 kinasema mtu anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama mojawapo ya mambo fulani lipo. Unampangia namna ya kufanya kazi, unampangia masaa, umempa vifaa, anafanya kazi kwako tu, au kwa miezi mitatu ya mwisho amekufanyia wastani wa masaa 45 kwa mwezi. Masaa 45 kwa mwezi ni machache sana! Hayo masaa manne ya kaka wa Arusha yanavuka ndani ya wiki tatu. Kwahiyo kumuita friilansa peke yake hakukusaidii. Friilansa wa kweli ana TIN, ana wateja wengine, anatumia laptop na bando lake, anakuletea ankara. Kama wako hayuko hivyo, ni mwajiriwa wako, fuata taratibu za ajira na michango ya NSSF. Na kama ni huduma kweli, kampuni yako inapomlipa kuna kodi ya zuio, yani unaikata kwenye malipo yake unaipeleka TRA, asilimia 5 kwa mkazi na 15 kwa asiye mkazi, muone mhasibu wako kabla ya malipo ya kwanza, sio baada ya TRA kukuita.

Nampimaje kabla sijamchukua?

CV isikushughulishe sana. Mpe meseji kumi za kweli za wateja wako, za zamani, ufute majina na namba, zile zilizokutoa jasho, aandike angejibu nini na angefanya nini. Halafu wiki mbili za majaribio, za kulipwa. Anayetaka majaribio ya bure anapata mtu ambaye kichwa chake kiko kwa mteja mwingine.

Assalaam alaykum. Nipo Muscat, nina nyumba mbili za wageni Jambiani, Zanzibar. Meneja wa online anaweza kuziendesha peke yake?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Peke yake, hapana. Bukingi, bei, meseji za wageni, kalenda isigongane kati ya Airbnb na Booking.com, hayo anafanya vizuri tena akiwa popote, na Airbnb unaweza kumuweka mwenyeji mwenza kwa akaunti yake. Lakini bomba likipasuka au umeme ukikata mgeni akiwa ndani anahitajika mtu Jambiani mwenyewe. Weka mtu wa pale, awe chini ya meneja, na kabla ya kila mgeni wapigiane video wapite chumba kwa chumba, mashuka, maji, jokofu, funguo. Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko huko kwenu ila wageni ndio wanabadilishana siku hizo, basi mipaka ya pesa ya dharura mpe meneja mapema asikusubiri. Na mkataba wa huyo mtu wa pale usichukue wa Bara, Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Na. 11 ya 2005.

Meneja nimempata, mwezi wa pili sasa, mzuri, ila vijana wangu dukani bado wananipigia mimi kila kitu. Nifanyeje?

Wanakupigia kwa sababu unapokea na unajibu, mama. Waite wote kwenye simu moja, meneja akiwepo, uwaambie kwa mdomo wako mwenyewe anaamua nini na nini, maana wao hawajawahi kumuona na kwao ni sauti tu kutoka mbali. Akipiga kijana kuuliza jambo la meneja, mjibu "umemuuliza meneja?" basi, hata kama jibu unalijua. Na meneja akiamua kitu ambacho wewe ungeamua vingine, usimbadilishie mbele yao, mpigie pembeni jioni.