Trela ishatoka, kelele zishaanza: namna ya kusubiri mwendelezo wa muvi uipendayo

Kila ikitangazwa muvi mpya ya mwendelezo, hasa hizi za safari na hazina, mtu na kofia yake, ramani imechanika nusu, pango limejaa nyoka, basi hapa Mombasa watu wanagawanyika siku hio hio. Kuna wale washaanza kuhesabu siku na kuna wale washaizika kabla haijazaliwa, "hao stori zimewaisha sasa wanafukua makaburi". Hakuna hata mmoja aliyeiona lakini kila mtu anaapa wallahi. Mie huwa nakaa katikati, na si kwa uoga, ni kwamba hizi muvi nazisubiri tangu utotoni na nshajua kuna namna ya kusubiri ambayo hata muvi ikitokea ya wastani tu hutoki ukumbini ukijihisi umeibiwa.

Kwanza kabisa acha lile swali la "itaifikia ile ya zamani?" Hilo halina jibu na ndilo linaloumiza watu roho, manake ile ya zamani unayoipimia si muvi peke yake, ni muvi pamoja na umri uliokuwa nao na watu mliokaa nao kwenye mkeka. Wazee wetu wa Mji wa Kale ukiwauliza watakwambia muvi zilikuwa zamani bwana, enzi za kumbi za Naaz na Regal na Majestic, ukiwadodosa sana unakuta nusu ya wanachokisifu ni ukumbi wenyewe, njugu za kwenye karatasi na nguo mpya za Idi. Sasa dairekta gani wa Hollywood atakurudishia njugu.

Afadhali ujiulize wewe mwenyewe unasubiri nini hasa, kitu kimoja, na ukitaje. Mie katika zote za Indiana Jones, yule msaka hazina wa kofia na mjeledi, naipenda zaidi ile ya pili, Temple of Doom ya 1984, ambayo wengi wanaiweka chini ya ile ya kwanza ya 1981 na ile ya tatu ya 1989. Sababu yangu ni Amrish Puri. Nyumbani kwetu kanda za kihindi zilikuwa zikipigwa kutwa, Amrish Puri tulishamjua ndiye Mogambo, yule adui wa Mr. India, basi siku tulipoletewa kanda ya kizungu tukamuona yule yule ana mapembe kichwani anamtoa mtu moyo kwa mkono, nyumba nzima ilipiga ukelele mama akatoka jikoni na mwiko wake. Harrison Ford, huyo Indiana mwenyewe, hatukuwa na habari naye kabisa, kwetu yeye ndio alikuwa mgeni. (Hio muvi walitaka kuishuti India, serikali ya kule ikakataa stori ilivyo, wakahamia Sri Lanka, na kwa kweli ukiiangalia leo ile karamu ya ubongo wa nyani unawaelewa.) Kwa hivo ya nne ilipokuwa inakuja mwaka 2008 wenzangu walikuwa wanasubiri mjeledi na kofia, mie nasubiri adui wa kunitoa usingizi. Wao walipata chao. Mie nikapewa Cate Blanchett, muigizaji mkubwa sina neno, lakini yule mrusi wake hakumtisha hata mtoto. Ila kwa kuwa nilijua nilichokuwa nakitaka nilitoka nikijua pia nilichokikosa, sikuwa kama rafiki zangu wengine wanaosema tu "mbaya, mbaya" na ukiwauliza mbaya wapi wanaanza kukutukana.

Wasiwasi wenyewe si kitu kibaya, mie nauheshimu sana mradi uwe na msingi. Na msingi uko, kabla muvi haijatoka kuna mambo yanajulikana tayari, mtu asikudanganye kwamba ni kubahatisha tu. Angalia nani anaandika na stori imepita mikono mingapi. Kati ya ya tatu na ya nne ilipita miaka 19, na katika huo muda Frank Darabont aliandika stori yake, dairekta Steven Spielberg akaipenda, prodyuza George Lucas akaikataa, kazi ikazunguka kwa wengine mpaka ikaishia kwa David Koepp. Stori ikizunguka hivo huwa inabeba kila mtu alichotaka, ndio unakuja kuona Indiana Jones anajifungia ndani ya friji, bomu la nyuklia linalipuka, friji linaruka huko linaanguka jangwani, na yeye anatoka mzima. Hapo ukumbi ulicheka, na si kicheko walichokitaka wao.

Lakini usichukue kuchelewa peke yake ukafanya ndio dalili, hapo ndipo watu wengi wa wasiwasi wanapochemka. Mad Max: Fury Road ilitoka 2015, miaka 30 baada ya ile ya 1985. Kila kitu kilikwenda mrama: walipanga kuishuti Australia, mvua ikanyesha mpaka jangwa likaota maua, wakabeba magari yote yale kuyapeleka Namibia, na Mel Gibson, yule Max wa zamani, nafasi yake ishachukuliwa na Tom Hardy. Ukinisomea hayo peke yake ningekwambia usipoteze nauli yako. Ikatoka ikachukua Oscar 6. Tofauti ni kwamba dairekta George Miller ni yule yule aliyeanza nayo 1979, na alikuwa anajua anataka nini miaka yote hio, hakuwa anatafutatafuta. Kwa hivo mie kitu cha kwanza nachouliza ni nani ana hamu na hii muvi kando na kampuni. Mwenye hamu akiwepo nampa muda hata achelewe vipi.

Dalili nyengine ni nani amekataa kurudi. Wale tuliokuwa tukijifanya Imhotep, yule maiti adui wa The Mummy, vichochoroni, tunafungua mdomo kama tunatoa dhoruba ya mchanga, tunakumbuka ile ya 1999 na ile ya 2001, Brendan Fraser na Rachel Weisz, wale wawili ndio walikuwa utamu wenyewe. Ikaja ya tatu 2008, Weisz hayumo, wameweka mwanamke mwengine na jina lile lile la Evelyn. Basi. Hapo hata trela huna haja nayo.

Na tukija kwa trela zenyewe, ushauri wangu ni angalia ile ya kwanza na uziache nyengine zote. Ya kwanza inakwambia muvi ina harufu gani, ya pili inakwambia stori na ya tatu inakwambia mwisho. Watu wanaisimamisha kwa simu, kioo chenyewe kimepasuka, wanavuta picha kwa vidole, "ona hapa nyuma, ona huyu ni fulani", wanajenga stori nzima. Yakhe, trela ni tangazo, na mara nyingi wanaanza kuitengeneza kabla muvi yenyewe haijakamilika. Rogue One ya 2016, moja ya zile za Star Wars, ilikuwa na picha kwenye matangazo yake, yule dada amesimama juu ya daraja uso kwa uso na ndege ya vita, picha kali ajabu, watu wameingia kuisubiri hio na ndani ya muvi haimo kabisa. Kuihukumu muvi kwa trela ni kunusa sufuria la biriani la jirani ukaanza kulalamika chumvi.

Afu kuna haya maneno ya mapema yanayotoka kwa matamasha. Ya nne ya Indiana Jones ilionyeshwa Cannes kule Ufaransa tarehe 18 Mei 2008, siku chache tu kabla ya kufika kumbi za kawaida. Ya tano nayo, Dial of Destiny, ikaonyeshwa Cannes tarehe ile ile 18 Mei ya 2023, lakini hii ilikuwa itoke 30 Juni, kwa hivo dunia nzima ilipewa wiki sita za kusoma ati imepoa, ati Spielberg hayupo amekuja James Mangold, ati mzee ana miaka 80 anarukaruka nini. Kufikia Idi kubwa, iliyokuwa 28 Juni mwaka huo, mtu ukimwambia twende muvi hio Ijumaa anakujibu kwa maneno ya mtu wa YouTube neno kwa neno, hata pumzi anavuta pale pale anapovuta yule. Wengi hao chaneli zao zinaishi kwa hasira, video ya "wameharibu utoto wetu" inavuta watu kuliko ya "ni muvi sawa tu". Mie niliiona na nikaipenda kuliko nilivyotarajia, ingawa ule mwanzo kwenye treni walipomrudisha Ford ujana kwa kompyuta ulinikera: sura ya kijana wa makamo lakini akifungua mdomo sauti ni ya babu. Ukishaisikia huwezi kuiondoa sikioni.

Na msitumie pesa kama hukumu pia. Ile ya 2008 ya friji iliingiza karibu dola milioni 790 dunia nzima, hii ya 2023 haikufika hata 400. Kwa hivo ile iliyochekwa ndio iliyouza.

Kuna wasiwasi mmoja ambao siusikii sana kwa mabaraza na ningependa tuwe nao zaidi, huu wa kujiuliza safari hii watu wanaofanana na sisi watafanywa nini humo ndani. Ile ya kwanza ya Indiana kuna yule bwana wa upanga sokoni Cairo, amevaa nguo nyeusi anauzungusha kwa madaha, Indiana anamuangalia tu kisha anampiga risasi. Inachekesha, sikatai, na stori yenyewe nyuma yake ni kwamba Ford alikuwa anaumwa tumbo vibaya kule Tunisia hakutaka pigano refu. Lakini ukiwa umekulia mtaa ambao babu yako anavaa kilemba ukaangalia mara ya pili, unaona kwamba yule bwana hana jina, hana neno hata moja, kazi yake ni kufa watu wacheke. Au ile Tomb Raider ya 2003, ya pili, Angelina Jolie alikuja mpaka Hell's Gate kule Naivasha, Kenya nzima tukavimba kichwa. Kuliona bonde letu kwa skrini ni raha kweli, lakini bonde haliokoi stori, na ile iliingiza pesa chache kuliko ya kwanza. Kwa hivo ukisikia "wameshuti Afrika" furahi kidogo, uliza na wenyeji wamepewa maneno ya kusema ama wamepewa mikuki.

Sasa siku zikikaribia watu wanapenda kurudia zile za zamani zote. Mie nakushauri urudie moja tu, na iwe ile iliyo mbovu kushinda zote. Ukirudia ile bora usiku wa kuamkia siku yenyewe unajitafutia balaa, unaenda na mizani ya dhahabu kupima muhogo. Ukirudia ile mbovu unakumbuka kwamba hata zamani walikuwa wanakosea, na kwamba uliwapenda hivo hivo.

Kuhusu siku ya kwenda, siku ya kwanza ni nzuri kwa mtu anayependa kelele, watu wanapiga makofi mziki wa John Williams ukianza, na hio raha huipati wiki ya pili. Lakini kama wewe ni wa wasiwasi subiri wiki ya pili, katikati ya wiki, ukumbi wa Nyali Cinemax huko utapata kiti unachotaka na hakuna mtu wa kukuelezea nyuma ya shingo. Kama una watoto angalia kwanza KFCB, ile bodi ya kupanga muvi kwa umri, wameiweka PG (watoto waangalie na mzazi) ama 16 (chini ya miaka hio haingii), usifike mlangoni ukaanza kubishana na kijana wa tiketi ambaye si yeye aliyeamua.

Ila chonde chonde, usiende kuwekewa kwa flash ile kopi ya kamera wiki ya kwanza. Najua bei yake ni rahisi na najua yule kijana wa duka la muvi atakwambia "iko klia, iko klia". Unafika nyumbani picha imelala upande, mtu anakohoa ndani ya ukumbi wa nchi gani sijui, pango lote ni jeusi tii husikii wala huoni, dakika ile ile hazina inafunguliwa kichwa cha mtu kinapita kwenda choo. Afu huyo huyo mtu aliyeona hivo ndio kesho yuko barazani na kikombe cha kahawa anasema muvi mbovu. Ungejuaje?

Binamu yangu wa Kongowea yeye hana shida na haya yote, hasomi mtu, haangalii trela, haendi Nyali. Anasubiri DJ Afro, yule anayezisimulia muvi za kizungu kwa Kiswahili juu ya sauti yake, aifanye. Nikimwambia lakini utakuwa humsikii Harrison Ford akiongea, ananijibu, kwani mie nilimwambia nataka kumsikia?