Maswali na Majibu: Majarida ya Ufikiaji Huria

Msimamizi wangu anasema jarida linalosomwa bure haliwezi kuwa na ubora. Je, ni kweli?

Si kweli, na dhana hiyo imewakosesha watafiti wengi wasomaji. Ubora wa jarida hutokana na uhakiki, yaani mhariri kuwapelekea mswada wataalamu wa fani husika, nao wakachambua mbinu, takwimu na hitimisho kabla ya kushauri ukubaliwe, urekebishwe au ukataliwe. Kazi hiyo haipungui kwa kuwa msomaji halipi. Azimio la Budapest la mwaka 2002, lililoupa ufikiaji huria, yaani makala kusomwa bure mtandaoni, maana inayotumika hadi leo, lililenga hasa makala ambazo zimekwisha kuhakikiwa, na halikumruhusu yeyote kulegeza uhakiki.

Kama kusoma ni bure, mbona nimetakiwa kulipa baada ya makala yangu kukubaliwa?

Kwa sababu gharama imehamishiwa kwa mwandishi. Mwishoni mwa mwaka 2020, jarida la kisayansi la Nature lilipotangaza njia hii kwa waandishi wake, ada iliyotajwa ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Kwa maoni yangu, ada ya kiwango hicho humfungulia mlango msomaji na kumfungia mtafiti asiye na mfadhili, jambo ambalo halipaswi kuitwa usawa. Hata hivyo, yako majarida mengi yasiyomtoza mwandishi wala msomaji, yanayogharimiwa na vyuo vikuu au vyama vya kitaaluma. Utayapata katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida ya ufikiaji huria iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, ambayo hukuwezesha kuchuja majarida yasiyotoza ada. Ukilazimika kutumia jarida linalotoza, omba msamaha wa ada kabla ya kutuma mswada, maana mengi hayapokei ombi hilo makala ikishakubaliwa.

Nimepata barua pepe inayonisifu kuwa mtafiti mashuhuri na kuahidi kuchapisha makala yangu ndani ya siku tano. Nitume?

Usitume. Wahakiki kwa kawaida hujitolea huku wakiwa na majukumu mengine, hivyo kazi yao huchukua wiki kadhaa, mara nyingi miezi. Ahadi ya siku tano maana yake ni kwamba hakuna atakayeusoma mswada wako. Usitulizwe na namba ya ISSN, kwani tarakimu zake nane hulitambulisha jarida tu, hazithibitishi ubora wake. Jarida likidai limeorodheshwa katika kanzidata fulani, ifungue kanzidata yenyewe ulitafute humo, kwa kuwa nembo hunakiliwa kwa urahisi. Chagua majina mawili au matatu ya wahariri, uone kama kurasa zao za chuoni zinalitaja jarida hilo, maana wapo wanataaluma ambao majina yao hutumiwa bila wao kujua. Kisha soma makala mbili za toleo la karibuni: zikiwa na majedwali yasiyoafikiana na maelezo, umepata jibu. Ikiwa umekwisha kutuma, andika mara moja kuuondoa mswada, wala usisaini hati ya hakimiliki.

Makala yangu ina leseni ya CC BY, ile inayowaruhusu wengine kuitumia kazi. Je, mtu anaweza kuitafsiri bila kuniomba?

Ndiyo, hata kwa biashara, mradi akutaje na aeleze kwamba amefanya mabadiliko.

Nilichapisha katika jarida ambalo wasomaji hulilipia. Naweza kuiweka makala katika hazina ya kidijitali ya chuo?

Soma mkataba uliousaini. Wachapishaji wengi huzuia faili lililopangwa kurasa na kuwekewa nembo yao, lakini huruhusu mswada wa mwisho uliokubaliwa baada ya uhakiki, pengine baada ya kusubiri miezi kadhaa. Nakala ya kabla ya uhakiki huwa na masharti mepesi zaidi. Wanafizikia wamekuwa wakiziweka nakala za namna hiyo kwenye arXiv, hazina ya mtandaoni ya nakala hizo, tangu mwaka 1991. Kinachowakwamisha waandishi wengi ni kwamba wamebaki na faili la mchapishaji peke yake, kwa hiyo hifadhi mswada uliokubaliwa siku ile ile unapopokea barua ya kukubaliwa.