Kiangazi Si Wakati wa Kufyeka Ukoka

Juma lililopita kijana mmoja aliyejenga Buswelu, hapa Mwanza, aliniandikia kuomba ratiba ya kutunza ukoka wa nyumbani. Alikuwa amepata mtandaoni mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Wamarekani, unaomwelekeza kukata majani kila Jumamosi kuanzia Juni hadi Agosti na kuyafupisha kwa mara ya mwisho kabla ya theluji. Aliufuata kwa uaminifu, naye akanitumia picha ya uwanja wake ili nimweleze kilichotokea. Nilimjibu kwa ufupi kwamba ukoka wake umekatwa katika miezi ambayo haukupaswa kuguswa kabisa, lakini jibu hilo linastahili kurefushwa, kwa kuwa nyumba nyingi za Buswelu, Kiseke na Nyegezi zinafanya jambo hilohilo bila hata kusoma mwongozo wowote.

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko unaozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana wetu una urefu wa takribani saa 12 mwaka mzima, na joto halipandi wala kushuka sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Kule kaskazini ya mbali ukoka hulala kwa sababu ya baridi, ilhali huku kwetu hulala kwa sababu ya kiu. Vuli huanza mwezi Oktoba na kuendelea hadi Desemba, mvua hupungua Januari na Februari bila kukatika kabisa, masika hushika kuanzia Machi hadi Mei, kisha kiangazi hutawala kuanzia Juni hadi Septemba, na Julai mara nyingi hupita pasipo mvua ya maana. Hiyo ndiyo kalenda ambayo mtu wa Mwanza anapaswa kuibandika ukutani, na anayekata majani kwa kufuata Jumamosi badala ya mvua anajitafutia hasara.

Mimi nilijifunza uzito wa jambo hili katika uwanja wangu wa Bwiru, ingawa mkono ulioshika fyekeo siku hiyo haukuwa wangu. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, na nyuma yake kuna jiwe kubwa la aina ile iliyoupa mji huu jina la Jiji la Miamba. Udongo ni wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, nao haushiki maji hata kidogo. Niliuchanganya na samadi iliyooza vizuri kutoka kwenye boma la ng'ombe la jirani, nikapanda vipandikizi vya ukoka wa majani mapana, ule ambao wauza miche huuita wa Pemba, na baada ya masika mawili uwanja ulikuwa umefunga kiasi kwamba watoto waliulalia bila mkeka. Wapita njia walikuwa wakisimama getini kuutazama. Sijivuni kupita kiasi nikisema kwamba katika mtaa wetu haukuwapo mwingine unaoukaribia.

Kisha ikaja sendofu, yaani sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ya mtoto wa ndugu yetu, mwezi Julai, na ikakubaliwa kwamba ifanyike kwetu kwa kuwa uwanja ni mpana. Mimi nilikuwa nimesafiri kwenda Bukoba kwenye msiba. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, alifika nyumbani, akaona majani yamepauka na yamesimama kidogo, akaamua kwamba nyumba ya mwalimu haiwezi kuonekana kama pori mbele ya wakwe. Akawaita vijana wawili wenye mashine za begani. Niliporudi, nilikuta uwanja umenyolewa kipara, umefagiliwa kwa fagio la chelewa, na takataka zote zimechomwa nyuma ya jiko.

Siku ya shughuli kila mtu alisifu usafi. Ilipofika saa kumi, ngoma ilipokolea, vumbi lilianza kupanda kutoka chini ya miguu ya wachezaji, na shela ya binti ikawa na ukingo wa rangi ya kahawia tangu chini hadi magotini. Nilinyamaza. Siku nilipothubutu kusema, katika kikao cha kuvunja kamati, wifi alijibu mbele ya watu wote kwamba wengine wanapenda majani kuliko ndugu. Neno hilo bado ninalo.

Sasa nieleze kilichotokea kitaalamu, maana hasira peke yake haimfundishi mtu. Mmea hutengeneza chakula chake kwenye jani, na mzizi hulishwa na jani hilo. Jani likiondolewa lote kwa mpigo, mmea hutumia akiba iliyomo kwenye mashina yake ili kuchipua upya, na mizizi husimama kukua au hufa kwa sehemu. Wakati wa masika hasara hiyo hufidiwa haraka kwa sababu maji yapo. Wakati wa kiangazi hakuna cha kuifidia. Zaidi ya hapo, ukoka wa majani mapana hutambaa zaidi juu ya ardhi, kwa hiyo mashina yake yakiachwa wazi huungua moja kwa moja kwa jua na kwa joto la udongo wenyewe. Ule ukoka mwembamba unaoota kandokando ya barabara zetu zote una mashina mengine yaliyojificha chini ya ardhi, na ndiyo maana hufufuka hata baada ya kuchomwa moto. Wa kwangu haukufufuka. Mwezi Oktoba mvua ya kwanza ilishuka kutoka kwenye lile jiwe, ikakuta ardhi tupu, ikausomba udongo wa juu pamoja na samadi yangu yote na kuulundika getini. Baada ya hapo yakaja magugu: mbigili, ambayo miiba yake hupenya kandambili na kumfikia mtu kwenye unyayo, na ndago, ambayo ukiing'oa juu huacha viazi vyake vidogo ardhini na kuchipua tena juma linalofuata.

Kanuni ninayomsisitizia kila anayeniuliza ni moja: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Ukoka mwembamba ubaki na sentimita 3 hadi 5, na ule wa majani mapana ubaki na 6 hadi 8. Asiye na rula asimamishe wima kisanduku cha kiberiti katikati ya majani, kwa kuwa urefu wake ni karibu sentimita 5, na kwa ukoka mpana ahakikishe kwamba kiberiti kinamezwa baada ya kukata. Wakati wa masika utalazimika kukata kila baada ya siku saba hadi kumi, kwa sababu majani hukimbia. Wakati wa vuli ni hivyo hivyo, ila subiri mvua iwe imenyesha mara kadhaa na majani mapya yawe yamesimama. Januari na Februari punguza. Mvua za Mei zinapokaribia kuisha, acha majani yarefuke kidogo ili yaingie kiangazi yakiwa na kivuli chao wenyewe, kisha weka fyekeo darini. Nasema tena: weka fyekeo darini.

Najua pingamizi, kwa kuwa nimezisikia zote. Ya kwanza ni nyoka, na ya pili ni mbu. Majani ya sentimita 8 si maficho makubwa ya nyoka. Tazama unapokanyaga, lakini maficho yake hasa ni rundo la matofali na magogo ambalo wengi wetu tumeliacha kando ya ukuta kwa miaka. Mbu wa malaria naye hutaga kwenye maji yaliyotuama, si kwenye jani. Tuseme kweli: kinachotusukuma ni mazoea. Sote tuliosoma shule za msingi za nchi hii tulikabidhiwa fyekeo tukiwa wadogo, tukaambiwa kwamba uwanja msafi ni ule unaoonyesha udongo, na wengi hatujawahi kulihoji fundisho hilo. Mimi nimefundisha miaka mingi na ninakiri kwamba walimu ndio tulioeneza imani hiyo. Lakini sasa wewe ni mtu mzima, una nyumba yako, una kazi yako, na huna sababu ya kuendelea kumwogopa mwalimu wa zamu.

Kukarabati uwanja kulichukua muda, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haina la kusimulia, kwani ilikuwa kuchimbua ndago kwa jembe la mkono na kusubiri. Jambo moja tu nililigundua ambalo huenda likamfaa mwenye jiwe uwanjani, na Mwanza wenye mawe ni wengi. Sehemu mbili za jiwe lilelile hazifanani. Pale ambapo jiwe limezama taratibu chini ya udongo, tabaka la udongo ni jembamba, mwamba hushika joto la mchana, na ukoka hukauka hapo kabla ya kwingine kote. Hapo nimeacha kushindana, nimepanda mishubiri. Lakini pale ambapo ubavu wa jiwe unasimama wima, maji yote ya mvua hutiririka na kukusanyika chini yake, na ukanda huo hubaki wa kijani hadi Julai. Niliutumia ukanda huo kuwa kitalu. Vipandikizi vyote vilivyojaza uwanja wangu upya vilitoka hapo.

Kuhusu kumwagilia, kama maji yako ni ya kununua, usijiumize. Ukoka wenye afya unaweza kubaki wa kahawia kiangazi kizima na ukarejea kwa mvua, ilimradi haukatwi wala kukanyagwa mno. Anayetaka ubaki wa kijani amwagilie mara chache lakini kwa wingi, asubuhi na mapema, ili maji yashuke hadi kwenye mizizi. Kunyunyiza kidogo kila jioni huzoesha mizizi kukaa juu na huacha majani yamelowa usiku kucha, hali inayopendwa na ukungu. Usikate majani yakiwa na umande. Noa fyekeo au kisu cha mashine kwa tupa kila mara, kwa kuwa kisu butu huchana jani, na jani lililochanwa hukauka ncha na kuufanya uwanja mzima uonekane mweupe hata katikati ya masika. Vipande vifupi vilivyokatwa viache palepale, vitaoza na kuwa mbolea.

Mbolea ya dukani itumike kwa adabu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, na konzi iliyomwagwa sehemu moja huunguza ukoka hadi kuacha duara lililokauka. Usiiweke wakati wa kiangazi, wala usiiweke mawingu mazito yanapokuwa yametanda, kwa sababu kwenye miteremko yetu mvua kubwa huizoa na kuishusha hadi ziwani, ambako hulisha gugu maji. Tunalalamika kila mara kwamba gugu maji limeziba mialo na kuzuia mitumbwi, huku sisi wenyewe tukilitumia chakula kutoka milimani. Samadi iliyooza, ikitandazwa kwa wepesi mwanzoni mwa vuli, inatosha kwa nyumba nyingi.

Masika ya mwaka huu wifi alikuja nyumbani. Alizunguka uwanja kwa muda akiwa amevua viatu, akasema kwamba anamalizia nyumba yake Luchelele na angependa kupata vipandikizi kidogo. Ningeweza kumkumbusha maneno ya kile kikao, na sitadanganya kwamba hayakunifika ulimini. Nilimpa magunia mawili. Nilimwambia avipande jioni ileile kwa nafasi ya kiganja kimoja kati ya kipandikizi na kingine, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili au vitatu na kimoja wapo kikiwa kimefukiwa, avikanyage vishikane na udongo, na asiviache vikauke kwa majuma ya mwanzo. Alisikiliza yote kwa makini, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akauliza kama anaweza kumwita yule kijana wa mashine ifikapo Julai, kwa kuwa ana wageni. Nikamwambia Novemba.