Ndege Ikigeuzwa kwa Tishio la Bomu, Msafiri wa Mtwara Analipa Nini?

Kama unatoka Mtwara kwenda nje ya nchi, usikate tiketi vipande vipande. Nasisitiza kwa sababu yametukuta.

Nilikuwa namrudisha shangazi kutoka kwenye matibabu India. Tukiwa angani rubani akatangaza tunatua nchi nyingine kwa sababu za kiusalama. Tukaamriwa tushuke mikono mitupu. Vidonge vya presha vya shangazi vikabaki kwenye mkoba chini ya kiti. Mizigo yote ikashushwa na kupangwa chini, mbwa akapitishwa begi kwa begi. Hawakukuta kitu. Tukajua tunaondoka, kumbe marubani na wahudumu wameshamaliza saa wanazoruhusiwa kufanya kazi. Viza ya nchi ile hatuna, tukalala kwenye viti vya uwanja.

Shirika nalo linaumia, lazima tuseme haki. Ndege kubwa ina kikomo cha uzito wa kutua. Ikiwa bado imejaa mafuta, ama iyamwage angani ama itue nzito kisha mafundi waikague. Hapo bado ada za uwanja, hoteli, na abiria wengine wanaoisubiri ndege hiyohiyo mbele ya safari. Oktoba 2024 ndege ya Air India iliyokuwa ikitoka Delhi kwenda Chicago, yenye watu 211, ilitua Iqaluit, mji mdogo kaskazini kabisa mwa Kanada, kwa tishio la uongo. Ikabidi jeshi la anga la Kanada ndilo liwafikishe abiria Chicago.

Hasara yako wewe, hata hivyo, haimo kwenye hesabu hizo. Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao Tanzania imeuridhia, unalibana shirika likikuchelewesha, ila likithibitisha kuwa lilichukua kila hatua ya busara kuzuia hasara, halilipi. Kwenye tishio la bomu utetezi huo wanao tayari. Tulipofika Dar, ndege ya Mtwara ilishaondoka, na kwa kuwa tiketi yake ilikuwa ya peke yake, tukahesabiwa kuwa hatukutokea. Hela ikapotea. Shangazi na mshono wake mbichi akapanda basi: Kibiti, Somanga, Nangurukuru, Lindi, zaidi ya kilometa 500. Kila tuta alikuwa ananishika mkono. Hiyo nani anakulipa?

Kwa hiyo tiketi iwe moja mpaka Mtwara. Ikishindikana, lala Dar kwanza, ndege ya nyumbani iwe ya kesho yake. Pasipoti na dawa za siku mbili tatu zikae kwenye pochi ya kiunoni, maana mkoba unaweza kuachishwa. Kabla ya kulipia bima, muulize wakala: safari ikikatizwa kwa tishio la usalama, mnalipa nini? Akuonyeshe kifungu chenyewe, maneno ya mdomo usiyakubali. Yakikukuta, omba shirika barua inayoeleza kilichotokea na utunze kila risiti, hata ya maji ya kunywa. Mkataba unakupa miaka 2 ya kufungua madai mahakamani.